Mayai na sungura wa Pasaka, ni kweli asili yake ni mungu mke Ishtar?

MamaNeema

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie maana jambo hili limeninyima raha wiki nzima. Mimi nafundisha watoto shule ya Jumapili kanisani kwetu, wale wadogo wa miaka minne mpaka nane. Sasa mwanangu alivyofunga shule akarudi na karatasi ngumu imekatwa umbo la sungura, masikio marefu, tumboni kabandikwa pamba, mkononi kashika kikapu kina mayai matatu yamepakwa rangi ya maji, chini kaandika kwa ule mwandiko wake wa kupinda HERI YA PASAKA. Mi nikaona kitu kizuri, nikakibandika ukutani pale tunapofundishia.

Jumapili akaingia dada mmoja wa kikundi cha maombi, kukiona tu akakibandua mbele ya watoto, akasema hiyo ni alama ya Ishtar, mungu mke wa uzazi wa Babeli, eti sungura ndio mnyama wake kwa sababu anazaa sana, na yai ndio uzazi wenyewe, na neno Easter ni Ishtar hilohilo Wazungu wamelibadilisha matamshi, kwahiyo tukisherehekea tunamwabudu yeye bila kujua. Akanirushia na ile meseji ndefu ya WhatsApp inayozunguka kila mwaka Kwaresima ikianza. Mwanangu akaanza kulia, na katoto kengine ka miaka sita kakaniuliza, mwalimu kwani kula yai ni dhambi? Nilimshika mkono tu, jibu sina.

Sitaki kugombana na mtu wa kanisa langu, nataka ukweli. Hivi vitu vimetoka wapi hasa? Na kama si vya Ishtar, yai na sungura vinahusiana nini na kufufuka kwa Bwana? Mwenye kujua asinipite jamani.

SimbaWaYuda77

Dada pole kwa mtoto kulia, lile la kubandua mbele ya watoto hata mimi siliungi mkono. Ila kwenye hoja yenyewe huyo dada yuko sahihi na mimi nitasimama naye. Fungua Kumbukumbu la Torati 12:30, Mungu anakataza hata kuuliza mataifa waliabuduje miungu yao ili na sisi tufanye vivyo hivyo. Fungua Yeremia 7:18, wanawake wanamkandia mikate malkia wa mbinguni, na watoto ndio wanaookota kuni, watoto dada yangu, ona hapo. Fungua Ezekieli 8:14, wanamlilia Tamuzi mlangoni pa hekalu. Hiyo dini ya Babeli haikufa, ilivaa nguo nyingine tu. Sungura wapi kwenye Biblia kwenye habari ya kufufuka? Yai wapi? Hakuna. Na hata Biblia ya Kiingereza ya King James, Matendo 12:4, wameandika Easter kabisa, siku ambayo Herode alikuwa anaisubiri, na Herode hakuwa mtu wa Mungu. Tusicheze na watoto.

MzeeWaRungwe

Mama Neema binti yangu, na wewe ndugu Simba, salaam. Nilifundisha historia sekondari miaka 31 na hili swali nimeulizwa kila mwaka na wanafunzi, naomba mnivumilie niandike kirefu kidogo.

Anzeni na neno tunalolisema sisi wenyewe kila siku. Sisi hatusemi Easter, tunasema Pasaka. Pasaka ni Pesach ya Kiebrania, ile ya Kutoka 12, damu ya mwanakondoo kwenye miimo ya mlango, Bwana akapita juu ya nyumba za Waisraeli. Wagiriki wakaitamka Pascha, ikaenea. Mfaransa anasema Pâques, Mhispania Pascua, Muitaliano Pasqua, Mhabeshi Fasika, Mnyarwanda na Mrundi Pasika. Sehemu kubwa ya Wakristo duniani wanaiita sikukuu hii kwa jina la Wayahudi, wapo wenye majina mengine, lakini jina la mtindo wa Easter wanalo wachache tu, Mwingereza na Easter yake na Mjerumani na Ostern yake. Sasa kama sikukuu yenyewe ilizaliwa na Ishtar, mbona ni lugha mbili tatu za kaskazini kabisa ya Ulaya ndizo ziwe na hilo jina, na Wakristo wa Siria na Iraki, waliokaa palepale Babeli ilipokuwa, wasiwe nalo? Hapo ndipo hoja inapovunjika mguu.

Matendo 12:4 ndugu Simba, kwenye Kigiriki neno lililoandikwa pale ni pascha, lilelile la mahali pengine pote. Watafsiri wa mwaka 1611 waliliweka kwa jina la sikukuu ya kwao. Fungua Biblia yako ya Kiswahili palepale, utakuta Pasaka.

Halafu tazama miaka. Tunajua mnamo mwaka 155 Polikarpo askofu wa Smirna alikwenda Roma kuongea na Aniceto, askofu wa huko, na moja ya mambo waliyoshindwa kukubaliana ni siku ya kuadhimisha Pasaka, upande wa Polikarpo wanaifanya tarehe 14 ya mwezi wa Kiyahudi wa Nisani hata ikiangukia katikati ya wiki, Roma wanataka Jumapili. Mwaka 325 mtaguso wa Nikea ukalishughulikia tena suala hilohilo la tarehe. Waingereza walikuja kuanza kubatizwa na wamisionari kutoka Roma mwaka 597. Sikukuu ilikuwa imeshabishaniwa karne nne kabla Mwingereza hajapata neno la kuiitia.

Neno Easter lenyewe limetoka wapi? Hapa ndipo kuna ubishi wa kweli na siyo ule wa WhatsApp. Kulikuwa na mtawa wa Northumbria, kaskazini mwa Uingereza, anaitwa Beda, mwaka 725 aliandika kitabu cha kuhesabu nyakati, na humo anasema Waingereza wa zamani mwezi wa Aprili waliuita Eosturmonath, kwa jina la mungu mke wao Eostre waliyemfanyia karamu mwezi huo, na Wakristo wakaendelea kuliita jina lilelile. Basi. Ni maneno mafupi tu, hakuna yai, hakuna sungura, hakuna lolote zaidi. Wapo wanahistoria waliosema Beda alikisia tu ili aeleze jina la mwezi. Baadaye, mwaka 1958, kule Morken-Harff Ujerumani wakafukua mawe zaidi ya 150 ya enzi za Warumi yamechongwa nadhiri kwa akina mama wa kimungu walioitwa Austriahenae, jina lenye mzizi wa neno mashariki ndani yake, kwahiyo wengine wakasema pengine Beda hakukosea. Mpaka leo wanabishana. Lakini hata ukimkubali Eostre, jina lake na la Easter na Ostern mzizi wake ni mashariki, kunakopambazuka. Ishtar ni neno la jamaa ya Kiarabu na Kiebrania, halina undugu hapo. Kufanana sauti si hoja. Kiswahili chetu kina kaa wa baharini, kaa la moto na kaa chini, nani atasema yule kaa wa baharini ametokana na mkaa?

Aliyeiunganisha Easter na Babeli na kuieneza ni mchungaji wa Scotland, Alexander Hislop, alitoa kijitabu mwaka 1853 akakipanua mwaka 1858, shabaha yake ikiwa kuonyesha kwamba Kanisa Katoliki ni Babeli. Mtindo wake ni huo wa kufananisha sauti za maneno. Meseji za simu zetu ni mjukuu wa kitabu hicho, hata wanaozituma hawajui.

Mayai na sungura naacha wengine waseme.

BintiLeipzig

Shikamoo Mzee wa Rungwe, nimejifunza. Mama Neema pole sana mama. Mi nipo Leipzig, Ujerumani, mwaka wa saba sasa, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, na huku Saksonia hivi vitu viko kila dirisha, kwahiyo niseme nilichosoma na nilichoona kwa macho.

Mayai kwanza. Zamani mfungo wa Kwaresima haukuwa nyama peke yake kama wengi tunavyofanya saivi, ulikataza maziwa, siagi, jibini na mayai, chochote kilichotoka kwa mnyama. Tomaso wa Akwino karne ya 13 anaueleza hivyohivyo. Sasa kuku yeye hafungi, tena huku Ulaya ndio kwanza baridi inaisha, mchana unarefuka, mtetea anaanza kutaga kwa fujo. We fikiria nyumba ina kuku kumi na wiki sita nzima hamna anayeruhusiwa kula yai. Mengine mtayaatamisha, mengine mtayachemsha yasiharibike, ikifika Pasaka jikoni kuna mayai mpaka pa kuyaweka hamna na watu wana hamu nayo. Ndio likawa chakula cha kufungulia, likapelekwa kanisani kubarikiwa, likapakwa rangi, likawa zawadi ya mtoto na ya mfanyakazi. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza kwenye hesabu za nyumba yake za mwaka 1290 kuna mayai 450 yaliyonunuliwa kwa peni 18, yakapambwa kwa dhahabu na rangi agawie watu wake Pasaka. Na kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614 kina sala ya kubariki mayai. Kwahiyo yai limeingia Pasaka kupitia mlango wa mfungo wa kanisa, hilo ndilo linaloonekana kwenye maandishi.

Sungura ni mdogo sana kiumri. Maandishi ya mapema yanayomweleza vizuri ni ya mwaka 1682, ya daktari Georg Franck von Franckenau, anasema huko Alsace, mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, na sehemu za jirani mayai ya Pasaka yanaitwa mayai ya sungura, watoto wadogo wanaambiwa sungura kayataga akayaficha kwenye majani bustanini, wayatafute, na wakubwa wanafurahi kuwaona wanavyohangaika. Yeye mwenyewe shida yake ilikuwa afya, alikuwa anaonya watu wasile mayai mengi kupita kiasi. Sasa pima, 1682, ni zaidi ya miaka 1,600 baada ya kaburi kukutwa wazi. Na sungura mwenyewe wala hakuwa peke yake, kuna sehemu za Westfalia aliyeleta mayai ni mbweha, Thuringia ni korongo, Uswisi kuna mahali ni ndege kekeo, na Wafaransa mpaka leo wanawaambia watoto ni kengele za kanisa, zinanyamaza Alhamisi Kuu kwa sababu zimeenda Roma, zinarudi Pasaka na mayai. Kama sungura angekuwa mnyama mtakatifu wa mungu fulani, mbona kila bonde lina mnyama wake?

Kwanini basi sungura akashinda wote, hapo wataalamu hawajaelewana. Wengine wanasema ni kwa vile sungura wa porini analala kwenye kishimo kifupi cha majani palepale wanapotagia ndege wa shambani, mtu akimfurumusha sungura akakuta mayai jirani akaunganisha. Wengine wanasema ni mchezo wa watoto tu. Jacob Grimm mwaka 1835 alitunga jina Ostara kutokana na lugha ya zamani, akidhani Wajerumani nao walikuwa na mungu mke kama yule wa Beda, na Adolf Holtzmann mwaka 1874 akaandika kwamba sungura wa Pasaka hamuelewi ila pengine alikuwa mnyama wa Ostara. Pengine! Hilo pengine la profesa ndio limegeuka kuwa historia, na ile hadithi kwamba mungu huyo alimgeuza ndege kuwa sungura anayetaga nayo imeanza kuandikwa baada ya hapo, hukohuko karne ya 19. Kwenda Marekani sungura alibebwa na Wajerumani waliohamia Pennsylvania karne ya 18, halafu maduka ya pipi na chokoleti na kadi yakamchukua, ndio anatufikia sisi kwenye supamaketi kwenye vile vikapu vya plastiki.

Niwaambie mambo mawili niliyoyaona. La kwanza, 2019 nilienda Berlin, jumba la makumbusho la Pergamon, kabla hawajalifunga kwa ukarabati. Lile Lango la Ishtar la Babeli alilolijenga Nebukadneza lipo mle, matofali ya bluu yanang'aa mpaka unasimama tu mdomo wazi. Nilikuwa nimeshaisoma ile meseji, nikazunguka natafuta sungura. Kwenye lango kuna mafahali na majoka, fahali wa mungu Adadi, joka la Marduki. Wa Ishtar wako kwenye kuta za ile njia ya maandamano, nao ni simba, wanatembea wamefungua midomo, mmoja nyuma ya mwingine. Simba ndio mnyama wake, na nyota yenye ncha nane. Alikuwa wa mapenzi na wa vita. Sungura hayumo, yai halimo.

La pili, hapa kazini nilikuwa na bibi mmoja Msorbi, ni kabila dogo la huku Lausitz wana lugha yao ya Kislavoni. Miaka 89, mikono inatetemeka anapokunywa chai, lakini Kwaresima akiletewa nta, mshumaa na unyoya wa bata bukini uliochongwa ncha kwa wembe, mkono unatulia. Anapasha nta kwenye kijiko kilichopindwa, anachovya ncha ya unyoya, anagusa yai, kitone, kitone, kitone, pembe tatu ndogondogo zinajipanga kama meno. Akimaliza anatumbukiza yai kwenye rangi, pale penye nta rangi haishiki, anakausha, anaongeza nta, rangi nyingine iliyokolea zaidi, mwisho anasogeza yai kwenye moto wa mshumaa nta inayeyuka anaifuta kwa kitambaa, na hapo ndio unaona alichokuwa anachora muda wote. Nikamuuliza hizi pembe tatu maana yake nini. Akasema mama yake alimwambia ni meno ya mbwamwitu, yanamlinda mtoto na mabaya, na padri wao alimwambia ni Utatu Mtakatifu, yeye anachora kwa ajili ya vyote viwili. Yai la kwanza alilonifundisha bado ninalo.

Njoro_KE

Wadau salamu kutoka Kiambu. Hapa wengi wanaongea kama kwamba mayai ni mambo ya Wazungu wa magharibi pekee, na sisi Waothodoksi tuko papa hapa Afrika Mashariki. Guka wangu, yaani babu, alikuwa wa kwanza kwetu, wale walioacha kanisa za wamisionari wakati wa ugomvi wa shule za Wakikuyu, wakajiunga na Othodoksi kwa sababu haikuja na mkoloni. Uganda walikuwa na Reuben Spartas, aliyeanzisha Othodoksi huko, patriarki wa Aleksandria akawatambua 1946. Huku kwetu serikali ya mkoloni ikafunga makanisa na shule hizo wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya 1952, guka alikuwa anasali kwa nyumba na dirisha limefungwa.

Sasa Pasaka kwetu, mfungo wote hakuna nyama, maziwa wala mayai mpaka leo, ile BintiLeipzig amesema ilikuwa zamani, sisi bado tuko nayo. Usiku wa Jumamosi taa zinazimwa, padri anatoka na mshumaa mmoja, moto unapitishwa mtu kwa mtu, anaimba Kristo amefufuka, tunajibu Kweli amefufuka. Baada ya liturujia, saa nane za usiku hivi, yanaletwa mayai yamepikwa mekundu, mekundu tu, yanabarikiwa, kila mtu anashika lake. Unagonganisha na jirani, ncha kwa ncha, yule lake limepasuka anapewa ile salamu tena. Cucu, bibi yangu, alikuwa anapika yake na maganda ya vitunguu vyekundu, anakusanya tangu mwanzo wa mfungo ndani ya kiondo, anachemsha na siki kidogo, yanatoka rangi ya udongo wa kwetu.

Maana tuliyofundishwa, nyekundu ni damu, ganda ni kaburi, kupasua ni kaburi kufunguka. Na kuna hadithi ya Maria Magdalena kufika mbele ya Kaisari Tiberio, akasema Kristo amefufuka, Kaisari akamjibu hilo haliwezekani kama vile yai mkononi mwako haliwezi kugeuka jekundu, na likageuka. Najua ni hadithi ya mapokeo, haiko kwa Injili, padri wetu mwenyewe anasema hivyo waziwazi. Lakini kumwambia cucu wangu alikuwa anaabudu Ishtar, baada ya kufunga siku zote hizo na kusali na dirisha limefungwa, hapana. Hiyo inaniuma kabisa.

Mkunduchi

Assalaam aleikum. Mie ni Muislamu nimepita nasoma, ila mumenigusa kwa sababu na sisi Makunduchi, Zanzibar, tuna ubishi wetu kama huu huu. Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya iitwayo pia Nairuzi, tunaufanya kila mwezi wa saba, wanaume wanapigana kwa migomba, wanawake wanaimba wamevaa vizuri, kibanda cha makuti kinachomwa moto na mtu yumo ndani anatoka mbio, halafu kila nyumba inapika na mgeni lazima ale. Jina la Nairuzi ni la Kiajemi, Nowruz, siku mpya, hilo halina shaka. Na Wairani hio Nowruz yao mezani wanaweka mayai yaliyotiwa rangi, na wao si Wakristo na si wa Ishtar, ni watu wanafurahia mwaka mpya.

Sasa muulize mtu Makunduchi kibanda kinachomwa kwa nini. Mmoja atakwambia tunaangalia moshi unaelekea wapi tujue mwaka utakuwaje. Wa pili atakwambia ni kufundisha vijana kuokoana moto ukishika. Wa tatu atakwambia ni mabaya ya mwaka yanateketea. Ile migomba babu yangu alikuwa akisema ukiwa na kinyongo na mtu kitoe pale pale, ukitoka uwanjani kimekwisha. Masheikh wengine wanasema haya si ya dini tuyaache, wengine wanasema ni mila tu hayamdhuru mtu. Na kuna wanaosema Washirazi ndio walioleta, na kuna wanaosema ni mambo ya wakulima wa hapa hapa yakapewa jina la kigeni. Nilivoona mie, kitendo kinabaki miaka na miaka, maelezo ndio yanayobadilika, kila kizazi kinakuja na yake. Mtu akikwambia maana ya kitu cha mila ni moja tu na yeye ndie aijuae, hapo mie huanza kuwa na wasiwasi nae.

SimbaWaYuda77

Nimewasoma wote, nimesoma mara mbili. Niseme ukweli, ile ya simba na lango la Babeli imenikamata, nimeenda kutafuta picha nimeona, ni simba. Na pascha ya Matendo 12 nimemuuliza mchungaji wetu anayesoma Kigiriki, kathibitisha. Kwahiyo ile ya Ishtar sitaisambaza tena, na walioitoa kwangu nitawaandikia mmoja mmoja. Njoro ndugu yangu nisamehe, sikujua habari za bibi yako.

Ila bado nina neno moja na silifichi. Hata kama sungura si wa kipagani, ni wa Alsace, sisi anatuhusu nini? Mtoto wa Mbozi au wa Kigoma aambiwe sungura anataga mayai, mtoto huyohuyo bibi yake ana kuku uani anaona mwenyewe nani anataga. Na sungura wetu tunamjua, ni yule wa hadithi, mjanja anayewadanganya fisi na simba, hatujawahi kumhusisha na kaburi la Bwana. Yai la mfungo nimelielewa, lina sababu. Sungura mimi bado namkataa, siyo kwa sababu ya Babeli, kwa sababu hana kitu cha kumwambia mtoto.

MzeeWaRungwe

Ndugu Simba umenena kiungwana, Mungu akubariki. Na hapo kwenye sungura tuko pamoja, ingawa mtoto akimchora simchanii karatasi yake.

Mama Neema nakuongezea kitu kimoja. Sisi Wamoravian Pasaka hatuianzii kanisani, tunaianzia makaburini. Jumamosi vijana wanafyeka majani, wanapalilia, kina mama wanaleta maua. Saa kumi na moja alfajiri bado giza, umande umelowesha viatu, matarumbeta yanaanza upande wa juu, tunapanda tunaimba mpaka katikati ya makaburi ya wazazi wetu, tunasimama tumeelekea mashariki tunangoja jua, na mchungaji anasoma Bwana amefufuka. Marehemu mke wangu yuko pale tangu 2011. Hiyo nayo imetoka Ujerumani, Herrnhut, vijana walianza mwaka 1732 kwenye kilima cha makaburi yao, na wamisionari wakaileta Rungwe walipofika 1891. Herrnhut iko hukohuko Lausitz kwa yule bibi Msorbi wa BintiLeipzig. Imetoka mbali, lakini mimi nikisimama pale hakuna anayeweza kuniambia si yangu.

BintiLeipzig

Mzee nimelia. Herrnhut ni mwendo wa saa chache kwa treni na basi kutoka hapa, mwaka huu naenda hiyo alfajiri, Mungu akipenda nitawawekea picha.

MamaNeema

Jamani asanteni, sijui hata nianzie wapi. Nimemsomea yule dada wa maombi haya yote, tulikaa jikoni kwangu mpaka saa nne usiku, pale kwenye simba wa Babeli akanyamaza muda mrefu. Jumapili amekuja mwenyewe darasani, akamwinamia mwanangu akamwomba msamaha mbele ya wenzake, akamletea na boksi la penseli za rangi.

Nimeamua hivi. Yule katoto aliyeniuliza nimemwambia yai si dhambi, nikamweleza habari ya watu waliofunga wiki sita na kuku wao hawafungi, kaelewa haraka kuliko mimi. Sungura sitamrudisha ukutani ila karatasi nimeitunza kwenye Biblia yangu, ni ya mwanangu. Jumamosi Kuu nawapeleka watoto tukafyeke makaburi ya kanisa, kuna ya watoto wenzao wawili pale. Na mayai tutapika mekundu kama ya cucu wa Njoro. Nimeshaongea na mama ntilie wa stendi, ananiwekea maganda ya vitunguu kila siku kwenye mfuko, leo nimechukua mfuko wa tatu. Njoro naomba unisaidie, siki naweka kiasi gani kwa sufuria ya mayai thelathini?

Njoro_KE

Mama, vijiko vinne vikubwa vinatosha, na usiyatoe maji yakiwa moto. Yaache yalale humo usiku mzima.